Misumari ya Sabuni

Juzi niliingia katika duka la mabati karibu na soko kununua misumari. Mwenye duka alikuwa amepanga makartoni ya sabuni juu ya mifuko ya misumari, ile sabuni ya manjano inayopikwa na mafuta ya mawese. Harufu ya sabuni na harufu ya chuma zikanipanda puani pamoja. Akaniuliza, "Mama, unataka kilo ngapi?" Nilikuwa ninauona mukono wa papa ukipitisha musumari ndani ya kipande cha sabuni, na nilikuwa ninacheka peke yangu. Kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Mwenye duka alirudi nyuma kidogo.

Wewe uliyekuwa mutoto Goma wakati mimi nilikuwa mutoto, unakumbuka muji ulipokuwa bado na nafasi, mawe meusi ya volkano na majani yanaota katikati, parsele zisizo na ukuta. Leo chumba kimoja cha mbao kinalipishwa bei ambayo papa zetu wangenunua nayo ng'ombe. Kwa dola, tena na garanti, malipo ya mbele ya miezi mingi, na bayeri akiona umeingiza televisheni anaongeza. Bayeri wangu wa leo, mwenye parsele ninayopanga, amekwisha kuwaongezea wapangaji wake mara mbili tangu watu wa milimani walipoanza kuteremuka tena. Ni kijana, anavaa vizuri, anaongea polepole. Hanijui, lakini mimi ninamujua. Ni mutoto wa bayeri aliyetufukuza zamani, na anafanana na papa yake hadi namna ya kushika kiuno akitaka kukuambia neno baya.

Jina la papa yake silisemi. Mama yangu alikataza lisitajwe nyumbani, na mimi bado namutii. Tulimuita Bayeri tu.

Sisi ni watu wa Karuba, milimani Masisi. Papa alikuwa mupasuaji wa mbao. Alikuwa anasimama juu ya gogo, mwenzake anakaa chini ndani ya shimo, na musumeno murefu unapanda na kushuka katikati yao tangu asubuhi. Akirudi nyumbani alinukia mukalitusi, na unga wa mbao ulikuwa umemuingia hadi ndani ya masikio. Mbao nzuri hakuuza zote. Zile zilizonyooka alizipanga nyuma ya jiko, ameweka vijiti katikati zipate hewa, kwa sababu alitaka kutujengea nyumba mupya. Kila jioni alipita kuzigusa. Mama alisema mbao zile alizipenda kuliko yeye, na papa hakukataa.

Halafu siku moja bunduki zikaanza kulia upande wa Mushaki. Watu walibeba magodoro, masufuria, mbuzi. Papa akaenda kutafuta lori, akaanza kupakia mbao.

"Batu banabeba batoto, weye unabeba mbao?" Mama alilia, mutoto mudogo mugongoni, kaka yangu Riziki kwa mukono.

"Mutoto iko na miguu," papa akasema. "Ubao haina."

Tukateremuka tumekaa juu ya mbao zile. Pale Mubambiro askari walisimamisha lori, mumoja akauliza tunapeleka wapi kuni zote hizi. Papa aliudhika kabisa. "Si kuni, shefu. Hii njo nyumba." Askari akaangalia kushoto na kulia, akauliza nyumba iko wapi. Papa akapiga mbao kwa kiganja, pa, pa, akasema, "Si njo hii umesimamisha?" Wakacheka, wakatuacha tupite.

Goma tulimupata Bayeri. Alikuwa na parsele kubwa na alitupa kona yake ya nyuma. Mapatano yalikuwa mepesi: sisi tutalipa nafasi kila mwezi, nyumba papa atajijengea mwenyewe na mbao zake na mabati yake. Bayeri aliongeza kitu kimoja tu. Alileta mulango, mulango wa rangi ya kijani na fremu yake, fundi wake akausimika kwa simenti kati ya mawe, akatia kufuli lenye funguo mbili. Mumoja akatupa, wa pili akautia mufukoni. "Mulango nabapatia miye," alisema, "ili nyumba ikuwe na mukono yangu." Papa alimushukuru. Mama pia alimushukuru, na miaka yote iliyofuata alijilaumu kwa aksanti ile.

Sasa sikia mambo ya misumari, kwa sababu njo yaliniharibia utoto.

Papa alikaa juu ya jiwe, kipande cha sabuni katika mukono wa kushoto, na kila musumari aliuchoma kwanza ndani ya sabuni, akauzungusha, akautoa umepakwa wote. Halafu aliugonga ndani ya ubao, to, to, to, na kabla haujaingia wote aliacha. Kichwa kilibaki nje, nafasi ya kutosha kidole. Ukuta wote ulikuwa vile. Nyumba nzima ilijaa vichwa vya misumari. Sabuni yenyewe ilibaki na matundu, na mama alipoenda kufua iligawanyika katika maji.

"Weye unafulia misumari ao batoto?" mama alimuuliza.

"Vumilia tu, Mama Riziki."

Nguo zetu zilipasuka. Iniforme yangu ya shule ilikamatwa na musumari wa karibu na kitanda nikapigwa shuleni kwa kuvaa nguo yenye tundu. Watoto wa parsele walituita watu wa nyumba isiyoisha. Mama Noela, mupangaji aliyekaa mulango wa pili, mwanamuke wa kicheko kikubwa, alikuja kutundika kikapu chake juu ya ukuta wetu akasema aksanti, kwao hakuna mahali pa kutundika. Na mimi, mutoto wa papa, niliamini kitu kimoja tu: papa yangu hajui kugonga musumari. Anajua kupasua gogo, lakini kugonga kumemushinda, na anaona haya kusema. Kila kiangazi alizunguka nyumba na nyundo yake ya mapembe mawili, anauvuta musumari kidogo, anaupaka tena sabuni, anaurudisha palepale ulipokuwa. Niliona anajaribu kumaliza kazi na anashindwa. Nilimuombea kanisani. Nilimuambia Mungu amupe papa nguvu ya mukono.

Bayeri naye aliona vile nilivyoona. Alipita siku moja, akashika kiuno, akacheka hadi tumbo likatikisika. "Batu ya Masisi, kweli! Kwenu munafungaka nyumba na kamba, sasa musumari inabashinda!"

"Inatushinda kidogo, Papa," papa akajibu, ameinamisha kichwa.

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini Goma ardhi ni jiwe tupu, haimezi mutu.

Halafu bei zikaanza kupanda. Vita ilikuwa imesukuma watu wengi kutoka Masisi na Walikale, kila kona ya muji ikajaa, na wakati uleule wakaja watu wa kazi za mashirika, wenye mishahara ya dola, wanataka nyumba karibu na barabara. Bayeri akaongeza bei ya nafasi. Papa akalipa. Akaongeza tena, tukaacha kula nyama. Akaongeza mara ya tatu akasema hataki tena faranga, anataka dola, na Riziki akatolewa shule. Mama alianza kuuza makala, makaa ya kupikia, kando ya barabara. Nakumbuka mikono yake ilivyokuwa myeusi, na namna alivyotupakulia bugali bila kutuangalia usoni.

Wa kwanza kufukuzwa alikuwa jirani yetu kutoka Walikale, muwindaji, mutu wa maneno machache. Alikuwa amejenga kwa mbao nzito za musituni na misumari mirefu, ameigonga hadi kichwa kikazama, kazi nzuri niliyoitamani. Bayeri alimuambia toka. Yule jamaa akataka kubomoa abebe mbao zake. Ubao wa kwanza ukapasuka katikati. Wa pili ukapasuka. Mbao ikikauka inaukamata musumari kama meno, ukilazimisha inavunjika. Akakaa chini, akaangalia mikono yake, halafu akatoka na muke wake na masufuria yao, nyumba ikabaki imesimama. Kabla ya wiki kuisha Bayeri alikuwa ameipangisha kwa mwingine, bei ya juu. Kumbe njo ilikuwa kazi yake. Alitoa nafasi kwa watu maskini, wanamujengea, anapandisha bei mupaka wanashindwa, wanatoka mikono mitupu. Parsele yote ilikuwa imejengwa vile.

Zamu yetu ilifika. Alikuja na kiti chake mwenyewe, akakaa mbele ya mulango wa kijani.

"Papa Riziki, kuko mutu moja wa biro ya mashirika, analipa mu dola, garanti anatoa yote mara moja. Miye niko na bibi na mafamilia."

"Na siye, Papa?"

"Nyie muko na kilima yenu. Murudie."

"Kule kuko vita."

"Si miye nililetaka vita."

Papa akagusa ukuta. "Na nyumba yangu?"

"Nyumba? Iko mu parsele ya nani?"

Papa akaenda kwa shefu wa avenue, mukubwa wa mutaa wetu, nami nikamufuata nyuma. Shefu alisikiliza wote wawili, akakuna shingo, akasema kila mutu abebe yake: mawe ni ya Bayeri, mbao ni ya Papa Riziki. Bayeri alicheka mupaka akapangusa machozi.

"Abebe! Nani amemukataza? Mukalitusi ya kukauka vile! Akingoa musumari moja, ubao mbili zinapasuka. Atabeba kuni." Akamugeukia papa. "Jumamosi, saa ine ya asubui, mutu wangu anaingia. Nataka ufunguo mu mukono yangu. Umesikia? Ufunguo, mu mukono yangu."

"Nimesikia, Papa."

Njiani nilikuwa ninalia. Mbao zile ndizo tulizokuwa nazo duniani. Shamba lilibaki Karuba, ng'ombe waliliwa na wenye bunduki, na kama mbao zinabaki kwa Bayeri, basi tutalala chini ya sheeting ya plastiki kambini mupaka tufe. Hata mimi mutoto nilijua hesabu hiyo. Na papa alikuwa anatembea anapiga muluzi. Nilimuchukia siku ile, nakuambia kweli. Nikasema moyoni, papa wa wengine angepigana.

Jumamosi, jua halijapanda vizuri, nikaamushwa na mulio murefu vile ambao sikuwa nimeusikia hata siku moja. Kwiiiik. Kama mulango unaofunguliwa polepole. Nikatoka. Papa alikuwa ameingiza mapembe ya nyundo chini ya kichwa cha musumari, kwenye nafasi ile ya kidole iliyonitia haya miaka yote, akavuta, na musumari ukaja. Haukupigana. Ukaja munene, mung'avu, umevaa sabuni yake. Ubao ukabaki muzima.

Papa akauweka musumari ndani ya sahani. Akaingiza nyundo chini ya wa pili. Kwiiiik.

Mama alikuwa amekwisha kuvaa kitenge cha kanisa. Alikuwa anapokea mbao na kuzipanga chini, na uso wake sikuwahi kuuona vile. Alikuwa anatabasamu, meno yamekazana. Wanaume wa Karuba, wenye chukudu zao za mbao za kubebea mizigo, walikuwa wamejipanga barabarani, papa alikuwa amepatana nao tangu zamani. Walishusha mabati, halafu ukuta wa nyuma, halafu ukuta wa kando. Mama Noela alitoka na mswaki kinywani, akaangalia, akaelewa kabla yangu. Akaweka mukono juu ya kichwa. "Yeee! Kumbe mwenye tulikuwa tunacheka njo alikuwa anatucheka!" Akaacha mswaki, akaja kubeba.

Hapo njo nilielewa na mimi. Papa alijua kugonga tangu mwanzo. Ila hakukubali kugonga hadi mwisho juu ya mawe ya mutu mwingine. Alijenga nyumba iliyojua njia ya kutoka, akaacha tumucheke, mimi na wote, hakujitetea hata kwa mutoto wake. Nilienda kushika sahani ya misumari nikaikumbatia na mikono yangu yote.

Saa ine, Bayeri akafika. Alikuwa mbele ya kamioneti, na ndani ya kamioneti mutu wa biro amekaa na godoro, meza, frigo. Chukudu ya mwisho ilikuwa inakata kona na mabati yetu. Katika parsele, pale ilipokuwa nyumba, palikuwa na mawe meusi yaliyofagiliwa vizuri. Mama alikuwa ameyafagia. Na katikati ya mawe, kwa fremu yake ya simenti, ulisimama mulango wa kijani. Peke yake. Umefungwa na kufuli.

Mama akamuendea. Alipiga goti kidogo, akamupa ufunguo kwa mikono miwili, vile tunavyompa mukubwa kitu.

"Papa Bayeri, ulituomba ufunguo. Njo huu. Kitu yako tumekiacha vile ulitupatiaka. Na kufuli tumefunga, ili mwizi asiingie."

Bayeri akapokea. Na unajua alifanya nini? Ninaweka mukono juu ya Biblia. Akaenda kwenye mulango, akatia ufunguo, akafungua kufuli, akasukuma, akaingia. Akasimama upande wa pili, nje, juu ya mawe, anaangalia mbingu. Sijui alitafuta nini. Mama Noela alipiga vigelegele vya arusi, na parsele nzima ikaanguka kicheko, wapangaji wote, wale aliowaongezea bei na wale aliokuwa anawangojea, hata dereva wa kamioneti. Mutu wa biro hakucheka. Alishuka akasema, "Papa, garanti yangu." Na Bayeri alikuwa amekwisha kuila.

Nilifurahi. Leo niko na watoto wangu, na nikikumbuka uso ule bado nafurahi, mwili wote unapata joto. Kanisani tukifika pale pa kuwasamehe waliotukosea nafunga kinywa, nawangoja wenzangu mbele. Mungu anaijua sababu.

Baadaye kidogo milima ikatulia. Tulipanda na mbao zetu hadi Kingi, kwa udongo wa babu, papa wa mama, na papa akajenga tena. Nikamuletea kipande cha sabuni. Akanirudishia. "Hapa hapana, mama. Hapa ni kwetu." Akagonga musumari wa kwanza, to, to, to, nikangoja aache, hakuacha. Akaugonga mupaka kichwa kikazama, na pigo la mwisho lilikuwa na sauti nyingine, nzito, iliyokwisha. Papa alikaa chini, akalia.

Nyumba ile haipo tena. Vita ikarudi, tukakimbia usiku na mwili tu, na wenye kupita pale waliichoma mbao moja moja kwa kupikia. Haikuweza kutoka nasi. Papa alikufa katika chumba cha kupanga hapa Goma, bei imeongezwa mwezi uleule, na mama alimufuata. Hayo simulaumu Bayeri peke yake. Lakini ya kwake ninayalaumu, na nimeyaweka vizuri.

Njo maana mwaka huu mutoto wake aliposema ana kona ya nyuma, nafasi ya kulipa kila mwezi, nijijengee mwenyewe, nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Wenzangu waliniambia, "Dada, utamujengea bule, parsele yake yote imejengwa vile." Nikawaambia naijua parsele. Nilinunua mbao za mukalitusi zilizonyooka. Nilinunua misumari, na juu ya misumari sabuni. Fundi wangu aliniona kichaa mupaka nikamuonyesha mara ya kwanza kwa mukono wangu.

Jana Bayeri mudogo akapita kuangalia. Alishika kiuno. Akagusa vichwa vya misumari vilivyobaki nje, akacheka, kicheko kilekile, tumbo linatikisika.

"Mama, batu ya Masisi! Fundi yako hajamaliza."

"Atamaliza, Papa," nikasema, nimeinamisha kichwa.

Akaangalia nafasi tuliyoiacha wazi mbele. "Basi mulango usinunue. Mulango nitakupatia miye."

Nilipiga goti kidogo, nikamushukuru kwa mikono miwili.

"Lete, Papa. Mulango ni wako."